Chombo Hujaribiwa Kabla ya Kupakiwa: Kwa Nini Tunatafuta Watu wa Kujitolea Kujaribu Programu Huria



Mafundi wa vyombo wa pwani yetu wana utaratibu ambao kila mtoto wa delta anaujua. Chombo kikishaundwa, hakipakiwi mpunga wala abiria siku hiyo hiyo. Huteremshwa majini kikiwa kitupu, kikaachwa mbao zinywe maji, na fundi akakaa ndani kuangalia kinavuja wapi. Panapovuja hupigwa kalafati tena. Hakuna anayemcheka fundi kwa sababu chombo chake kimevuja siku ya kwanza. Anayechekwa ni yule aliyepakia mzigo bila kujaribu.

Katika toleo hili tunaeleza jambo linalofanana na hilo, nalo ni kujaribu programu za kompyuta na simu kabla hazijatangazwa kuwa tayari kwa kazi. Kamati kadhaa zimetuuliza kwa nini tunaomba watu wa kujitolea kwa kazi hiyo, na baadhi ya wafadhili wameuliza kwa nini programu inayotolewa bure iwe na fungu katika bajeti. Maswali yote mawili ni ya haki, na tutajitahidi kuyajibu.

Kilichotupata sisi wenyewe

Tuanze na kosa letu. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024, yaliyofunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, tulitaka kuorodhesha kaya zilizopoteza mazao ili tujue nani apewe mbegu kwanza. Tulitengeneza fomu ya kujaza kwenye simu. Usiku wa kuamkia safari, mmoja wetu aliona kuwa limetoka toleo jipya zaidi la programu tuliyokuwa tukiitumia, tukaliweka kwenye simu zote. Halikuwa toleo imara. Lilikuwa toleo la majaribio, na maelezo yake yalisema hivyo waziwazi. Sisi hatukuyasoma.

Ofisini lilifanya kazi vizuri. Kwenye delta, mahali ambapo mtandao hupotea mara tu boti inapoingia kwenye mikoko, simu zilianza kufuta fomu ambazo zilikuwa hazijatumwa. Tuligundua jioni ya siku ya pili. Kazi ya siku mbili ya watu wetu wa kujitolea ilikuwa imepotea, na ilitubidi turudi kwa madaftari kwenye nyumba zilezile. Mama mmoja mzee, aliyekuwa ametueleza kwa uchungu alichopoteza, alituuliza: “Jana mliniuliza, nikawajibu. Majibu yangu mmeyapeleka wapi?”

Hatukuwa na jibu la kumridhisha. Jina la programu hiyo hatulitaji, kwa kuwa waliotukosea si walioitengeneza. Wao walitoa chombo cha kujaribiwa, sisi tukakipakia watu.

Programu huria ni nini, na toleo imara ni lipi?

Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya ndani, yaani maagizo yanayoiendesha, yako wazi kwa mtu yeyote kuyasoma, kuyatumia, kuyarekebisha na kuyagawa. Mfano unaojulikana zaidi ni Linux. Mwezi Agosti 1991, Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki nchini Finland, aliwatangazia wenzake kuwa anatengeneza mfumo wa kuendesha kompyuta na akaomba maoni yao. Leo mfumo uliotokana na kazi ile ndio kiini cha Android, inayoendesha simu nyingi tulizo nazo mifukoni.

Hapa kwetu pia ipo historia. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowaunganisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maneno ya Kiswahili. Isingewezekana kuifanya kazi hiyo kama programu ya OpenOffice.org isingekuwa huria. Lakini Kiswahili sanifu kwenye karatasi ya mfasiri si sawa na Kiswahili kwenye kioo cha kompyuta. Neno linaweza kuwa sahihi kabisa na bado likawa refu kuliko kitufe chake, au likamfanya karani abonyeze mahali pasipostahili. Mambo ya namna hiyo hayaonekani mpaka mtu wa kawaida akae na kuitumia.

Programu nyingi huria hupita katika hatua hizi:

1. Toleo la alfa. Hili ni changa sana. Sehemu nyingine hazijakamilika na hulengwa zaidi mafundi wenyewe.

2. Toleo la beta. Sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Hapa ndipo watu wa kawaida huombwa kulijaribu kwa namna nyingi kadiri iwezekanavyo.

3. Toleo tarajiwa. Mafundi wanaamini limeiva. Hawaongezi kitu kipya, wanarekebisha kasoro tu. Kasoro kubwa isipoonekana, hili ndilo litakalotangazwa.

4. Toleo imara. Hili ndilo la kufanyia kazi za kweli.

LibreOffice, iliyozaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice.org, hutoa matoleo makubwa mawili kila mwaka, na kabla ya kila moja huwaalika watu wa kujitolea kusaka kasoro. ODK Collect, programu ya kujazia fomu kwenye simu, ilianzia Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle mwaka 2008 na ilitumika mapema magharibi mwa Kenya. Yenyewe pia huwapa wanaopenda toleo la beta kabla ya kila mtu kulipata. Mafundi hawa hufanya hivyo kwa sababu rahisi. Hawawezi kuwa na kila aina ya simu, kila lugha, kila hali ya mtandao na kila tabia ya mtumiaji. Sisi tunavyo.

Rufiji si mgeni wa majaribio

Wasomaji wenye umri mkubwa watakumbuka mradi wa TEHIP, ulioendeshwa na Wizara ya Afya kwa ushirikiano na kituo cha utafiti cha Kanada kiitwacho IDRC kuanzia miaka ya 1990. Ulifanyika katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Wakati huo Kibiti ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Rufiji. Timu za afya za wilaya zilipewa zana za kompyuta zilizoonyesha kwa michoro rahisi ni magonjwa gani yanaua watu na fedha zinakwenda wapi. Huko Morogoro ilionekana kuwa malaria ilichukua takriban asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea, ilhali ilikuwa ikipata asilimia 5 tu ya bajeti ya afya ya mwaka 1996. Timu zikabadilisha mipango yao. Kadiri ya taarifa za mradi, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka mitano iliyofuata.

Kompyuta haikumponya mtoto hata mmoja. Waliowaponya ni wauguzi, dawa, vyandarua na mipango iliyofuata ukweli. Lakini zana zile zilikuwa na manufaa kwa sababu zilitengenezwa na kujaribiwa pamoja na watu wa wilaya watakaozitumia, kabla ya kupelekwa kwingine.

Vivyo hivyo DHIS2, mfumo huria unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, ulifanyiwa majaribio katika Mkoa wetu wa Pwani kabla ya kuenea Tanzania Bara yote kufikia mwaka 2013. Takwimu za zahanati ya kisiwani zinazoandikwa kwenye vitabu vya MTUHA huishia katika mfumo huo. Kwa hiyo anapouliza mtu delta ina uhusiano gani na mambo haya, jibu ni kwamba imo ndani yake tangu zamani.

Mambo ambayo ofisi haiyaoni

Tangu kosa lile tumebadilisha utaratibu. Sasa kila toleo jipya tunalofikiria kulitumia hujaribiwa kwanza na watu wachache wa Kibiti mjini na wa vijiji vya delta, kwa simu za akiba, wakati ambapo hakuna kazi inayolitegemea. Haya ni baadhi ya mambo tuliyojifunza kutoka kwao:

Simu ikizimika chaji kwa muda mrefu, nyingine huwaka tena na tarehe ya miaka mingi iliyopita. Fomu ya leo inajipanga kana kwamba ni ya kale. Ofisini hakuna simu inayokaa siku tatu bila umeme.

Kidole chenye maji ya chumvi hakibonyezi vizuri. Mtu aliyetoka kutega kamba anabonyeza mara tatu, na programu inahesabu mara tatu.

Jua la saa saba ndani ya boti linafuta rangi zote. Kitufe cha kijani na cha kijivu vinakuwa kitu kimoja.

Simu ndogo yenye nafasi kidogo hujaa picha. Programu nzuri humwambia mtumiaji nafasi imekwisha, na ile mbaya hunyamaza na kupoteza kazi.

Lipo pia jambo jingine tulilolielewa kwa kuchelewa. Si kila kasoro ni ya programu. Fomu yetu iliuliza, “Kaya hii inaishi wapi?” na kuruhusu jibu moja tu. Wakati wa kilimo cha mpunga, familia nyingi za Rufiji huhamia mashambani na kukaa kwenye madungu kulinda mazao dhidi ya ndege, nguruwe na viboko. Je, wanaishi kijijini au shambani? Wanaishi kote kuwili. Programu haikuwa na kosa hapo. Kosa lilikuwa la sisi tulioandika swali. Wanaojaribu hutusaidia kutenganisha mambo hayo mawili. Kasoro ya programu tunaipeleka kwa mafundi wake, na kasoro ya fomu tunairekebisha wenyewe.

Nani anafaa kujaribu?

Kamati nyingi, zikipata ombi letu, hututeulia vijana hodari wa simu. Tunawashukuru, na tunawahitaji. Lakini kijana hodari ana udhaifu mmoja kwa kazi hii, nao ni kwamba akikwama hupata njia ya kuzunguka haraka, na akishapita husahau kuwa alikwama. Hivyo kasoro inabaki.

Tunaomba kila kamati ichague watu wanne wa aina tofauti. Awepo kijana mmoja anayeijua simu vizuri. Awepo mmoja anayefanya kazi ya kumbukumbu kila siku, kama muuguzi wa zahanati au katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Awepo mtu mzima ambaye hutumia simu kupiga na kupokea tu. Na awepo mmoja wa upande wa visiwani, ambako mtandao ni wa kubahatisha. Si lazima wote wawe waumini wetu. Delta ni ya majirani wa dini mbalimbali na huduma ni ya wote.

Jinsi ya kutoa taarifa inayosaidia

Taarifa tunayoipata mara nyingi ni hii: “Programu ni mbovu, haifanyi kazi.” Tunamwelewa aliyeandika, lakini fundi aliye maelfu ya kilomita kutoka hapa hawezi kufanya lolote na maneno hayo. Taarifa nzuri ina mambo matano:

1. Aina ya simu na namba ya toleo la programu.
2. Ulifanya nini, hatua kwa hatua.
3. Ulitarajia nini kitokee.
4. Kilitokea nini badala yake.
5. Ukirudia hatua zilezile, linatokea tena?

Linganisha na hii: “Nilijaza fomu mpaka swali la 12 bila mtandao. Nikapigiwa simu, nikapokea. Nilitarajia nikirudi nikute fomu pale nilipoishia. Nilikuta imeanza upya, majibu yote hayapo. Nimerudia mara tatu, imetokea mara tatu.” Aliyeandika hivi hahitaji kujua chochote kuhusu utengenezaji wa programu. Amefanya kazi ya ufundi kwa kuangalia kwa makini na kusema kweli.

Taarifa ziandikwe kwa Kiswahili. Ofisi yetu huzikusanya, huangalia kama kasoro hiyo imekwisha kuripotiwa na wengine, kisha huzitafsiri na kuzipeleka. Vilevile tumejiwekea sharti la kurudisha jibu kwa kila aliyeripoti, hata kama jibu ni kwamba kasoro yake haitarekebishwa kwa sasa. Tumeona kuwa watu wa kujitolea hawaachi kwa sababu kazi ni ngumu. Huacha kwa sababu walisema na hakuna aliyewajibu.

Masharti ambayo hatutayalegeza

La kwanza, hakuna jina la mtu wa kweli katika majaribio. Wanaojaribu hujaza kaya za kubuni. Hata watengenezaji wa DHIS2 hutumia takwimu za mfano, zilizopangwa kwa ramani ya Sierra Leone, kuonyesha mfumo wao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatutaka tuwe waangalifu. Lakini hata bila sheria, watu wa Kibiti hawahitaji kufundishwa uzito wa orodha ya majina. Kati ya 2015 na 2017 eneo hili lilipita katika kipindi kigumu cha mauaji ya viongozi wa vijiji na askari. Ipo hofu iliyobaki mioyoni, na mgeni anayeandika majina na kupiga picha nyumba hana budi kuiheshimu. Picha za kioo cha simu zinazoambatanishwa na taarifa nazo zisiwe na jina la mtu wala mahali pa nyumba yake.

La pili, toleo la majaribio lisiwekwe kwenye simu ya kazi. Simu za majaribio zimetiwa alama ya rangi nyekundu nyuma.

La tatu, daftari linabaki. Hata toleo imara tunapolianza, mwezi wa kwanza kumbukumbu huandikwa pia kwa kalamu, mpaka tulinganishe na kuridhika.

La nne, hatulipi kwa idadi ya kasoro. Tunarudisha nauli ya boti, vocha na chakula cha siku. Tukilipa kwa kila kasoro, tutapata kasoro nyingi, nyingine za kutungwa, na mtu mkweli aliyejaribu siku nzima na kukuta mambo yako sawa atarudi mikono mitupu. Kumbe na yeye ametupa habari muhimu.

Ikiwa ni bure, gharama inatoka wapi?

Wafadhili wetu, programu huria haituuzii leseni, na hiyo ni nafuu kubwa. Lakini mtu kutoka kisiwani huja kwa boti kwa kufuata maji kujaa na kupwa. Akichelewa maji, analala. Simu za akiba, chaji ya sola na mafunzo ya siku mbili vyote vina bei. Gharama hii ni ndogo ukiilinganisha na kurudia zoezi zima la kuandikisha kaya. Isitoshe, fedha zinaweza kurudisha takwimu, lakini haziwezi kurudisha kirahisi imani ya mtu aliyeeleza shida zake mara mbili kwa sababu ya uzembe wa anayemsaidia.

Upo pia wajibu. Tunatumia bure kazi ya mafundi ambao wengi wao hatutawaona kamwe. Hatuna watalaamu wa kuwasaidia kuandika maagizo ya programu. Tulicho nacho ni delta yenyewe, yenye maji yake, mikoko yake, jua lake na Kiswahili chake. Kasoro inayoonekana Kibiti leo ikirekebishwa, itakuwa imerekebishwa pia kwa muuguzi wa kisiwa cha Ziwa Viktoria na kwa mtu wa kujitolea mashariki mwa Kongo.

Ombi letu kwa kamati

Tunaomba kamati zijadili jambo hili katika kikao kijacho, zituandikie majina ya watu wanne waliokubali wenyewe, na zichague mjumbe mmoja atakayefuatilia kama taarifa zao zimejibiwa. Kazi itachukua siku mbili za mafunzo na nusu siku kwa wiki kwa muda wa wiki sita. Kamati isiyo na watu wenye nafasi kwa sasa isijisikie vibaya. Ituambie tu, tutarudi baada ya mavuno.

Yule mama tulirudi kwake. Tulimweleza kwamba majibu yake ya kwanza tuliyapoteza sisi, tukamwomba radhi, naye akakubali kutusimulia upya huku tukiandika kwenye daftari. Alitaka kwanza tumsomee tulichoandika, neno kwa neno, kabla hatujaondoka. Tangu siku hiyo tumelifanya hilo kuwa swali la mwisho la kila jaribio: je, aliyetoa taarifa anaweza kusomewa alichosema, papo hapo, bila mtandao? Toleo lisiloweza hilo haliendi delta.